Kiti kilitangulia, haki zikachelewa: kisa cha saidia fundi aliyevunjika mgongo Moshi

Mhusika ni saidia fundi wa miaka 29 aliyekuwa amepanga chumba Pasua, Manispaa ya Moshi, na mke wake na mtoto mmoja. Mwezi Machi aliteleza kwenye jukwaa la mirunda akiwa amebeba karai la zege, akaanguka kama mita nne na kufikia makalio. Msimamizi wa saiti alimkunja kwenye kiti cha nyuma cha teksi na kumkimbiza hospitali ya KCMC. (Mtu aliyeanguka kutoka juu na kusema hahisi miguu hakunjwi hata kidogo. Alazwe juu ya ubao au mlango ulionyooka, watu wanne wamwinue kwa pamoja, kichwa na mgongo vikiwa mstari mmoja, hata kama gari litachelewa.) Picha zilionyesha pingili ya 12 ya kifua imepasuka na kugandamiza uti wa mgongo. Miguu ilipoteza nguvu na hisia, na mkojo ukawa hautoki bila mpira. Alilazwa wiki tisa, kisha akaruhusiwa kwenda kwa mama yake, kwenye kihamba (shamba la nyumbani) cha familia Kibosho.

Kisa hiki kimeundwa kwa kuunganisha mambo yanayojirudia katika majeraha ya namna hii mkoani Kilimanjaro. Hakuna mtu mmoja anayesimuliwa. Sheria, taasisi na vipimo ni vya kweli.

Miezi mitano baada ya ajali familia ilikuwa imegonga milango mingi: kanisani, kwa diwani, kwa jamaa walioko Dar es Salaam. Ilikuwa imepata michango miwili ya fedha na kiti mwendo kimoja cha msaada. Mgonjwa alikuwa na kidonda kwenye kalio la kushoto chenye ukubwa wa sarafu ya shilingi 200, mpira wa mkojo uliopitiliza muda wa kubadilishwa, na deni la hospitali. Mke alikuwa amerudi mjini kuuza mboga soko la Mbuyuni ili mtoto ale. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba anaweza kudai fidia ya kuumia kazini.

Ni rahisi kusema huduma hazipo. Lakini Moshi ni miongoni mwa miji yenye huduma nyingi zaidi nchini kwa mtu mwenye jeraha hili. KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini. Ndani ya eneo lake kipo TATCOT, chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 ambacho kimefundisha mafundi wa viungo bandia, vifaa vya kukazia viungo na viti mwendo kwa nchi nyingi za Afrika. Mjini humo kipo pia chama cha watu walioumia uti wa mgongo, KASI. Mgonjwa huyu alilala mita chache kutoka kwa watu wanaofundisha wengine namna ya kupima kiti, akaondoka bila kupimwa. Kilichomwangusha ni mpangilio: mambo yenye kikomo cha muda yaliachwa nyuma, na jambo linaloonekana kwa macho, yaani kiti, likawekwa mbele.

Neno lililokosekana kwenye faili

Siku ya kupokelewa, aliyejibu maswali ya daktari ni msimamizi wa saiti, kwa sababu mgonjwa alikuwa na maumivu makali. Faili likaandikwa "ameanguka kutoka juu". Hakuna mahali palipoandikwa "akiwa kazini", wala jina la aliyemwajiri, wala mahali pa saiti. Hakuna aliyedanganya. Neno moja tu liliachwa, na kwa miezi mitano kila barua iliyotoka hospitalini ilinakili maelezo hayohayo.

Neno hilo lina uzito kwa sababu ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na mfuko wake, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Mfuko unachangiwa na mwajiri peke yake; mfanyakazi hakatwi chochote kwenye ujira wake. Kwa aliyeumia kazini unagharamia matibabu, malipo ya ulemavu wa muda, malipo ya ulemavu wa kudumu, malipo ya anayemhudumia mgonjwa, na huduma za utengamao. Kwa mtu ambaye miguu yake haitarudi, haya ndiyo malipo makubwa kuliko yote atakayoweza kuyafikia, na ndiyo pekee katika kisa hiki yenye saa inayohesabu: ajali isipotolewa taarifa ndani ya miezi 12 tangu itokee, haki hupotea. Miezi mitano ilipoisha, ilikuwa imebaki saba.

Mwenye saiti alitoa jibu linalosikika kila mahali: huyu hakuwa mwajiriwa, alikuwa kibarua wa kutwa, hana mkataba. Hoja hiyo isiifanye familia ikate tamaa. Makubaliano ya mdomo nayo ni makubaliano, na pale mwajiri anaposhindwa kuleta mkataba wa maandishi, sheria ya ajira humtwika yeye mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi yalikuwa yapi. Kinachotakiwa ni ushahidi wa kazi yenyewe. Katika kisa hiki ulipatikana kwenye simu ya mgonjwa: ujumbe wa malipo ya kila Jumamosi kutoka namba ileile kwa wiki kumi na moja mfululizo. Mafundi wawili waliokuwa juu ya jukwaa lile waliandika maelezo na kutia saini. Daktari aliombwa kuandika ripoti ya nyongeza inayotaja chanzo, tarehe na kiwango cha jeraha. Hospitali haifuti kilichoandikwa mwanzo, ila inaweza kuongeza, na nyongeza yenye tarehe na saini inatosha.

Jambo lililomlegeza mwenye saiti lilikuwa dogo. Alidhani fidia ingetoka mfukoni mwake. Alipoelezwa kwamba mwajiri aliyesajiliwa na anayechangia halipi fidia hiyo mwenyewe, kwamba mfuko ndio unaolipa, alijaza taarifa ya ajali ndani ya juma hilo. Mwajiri asiyesajiliwa ana kosa lake la kujibu, lakini kosa hilo si sababu ya mfanyakazi kukaa kimya. Naye apeleke taarifa yake WCF au ofisi ya kazi ya mkoa, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Yote haya yangekuwa mepesi kama familia ingemwona ofisa ustawi wa jamii wa hospitali wakati mgonjwa bado yuko kitandani. Hospitali kubwa zina ofisi hiyo, na wengi huijua kama mahali pa kuombea msamaha wa bili tu. Kazi yake ni pana zaidi: hupima hali ya kaya, hupanga namna ya kulipa deni kidogokidogo, huandika barua kwa halmashauri anakorudi mgonjwa, na huwaunganisha watu na fundi wa vifaa saidizi. Sentensi ya kumwambia muuguzi wa zamu ni fupi: "Dada, tunaomba kumwona ofisa ustawi wa jamii kabla mgonjwa wetu hajapangiwa siku ya kuruhusiwa." Isemwe wiki ya pili au ya tatu. Siku ya kuruhusiwa huwa ni ya kutafuta gari na fedha, hakuna anayesikiliza.

Kiti cha msaada na kidonda kilichofuata

Kiti kilichotolewa kilikuwa kile cha kukunja kinachoonekana kwenye korido za hospitali: upana wa sentimita 46, mgongo mrefu, magurudumu madogo ya mbele, kitambaa cha kukalia bila mto. Waliokitoa walikuwa na nia njema kabisa. Kiti cha namna hiyo kimetengenezwa kumsukuma mgonjwa kutoka wodini hadi chumba cha picha, dakika kumi au ishirini. Kijana huyu alikikalia saa nane kwa siku.

Nyonga zake zilikuwa na upana wa sentimita 36. Nafasi ya sentimita 10 iliyobaki ilimfanya aegemee upande mmoja ili apate utulivu, na kitambaa kilicholegea katikati kikazidisha kuinama huko. Uzito wote ukatua kwenye mfupa wa kalio la kushoto. Mtu mwenye hisia angejigeuza bila hata kufikiri. Yeye hakuhisi kitu. Damu ikibanwa kati ya mfupa na kitu kigumu kwa saa nyingi, nyama ya ndani hufa kabla ngozi haijapasuka, na ndiyo maana kidonda kinachoonekana kidogo juu mara nyingi ni kipana chini. Mama yake aliona kwanza doa jeusi akadhani ni mchubuko.

Dawa ya kwanza ya kidonda hicho ni kuondoa uzito juu yake. Hakuna mafuta wala unga wa dawa utakaofanya kazi huku mgonjwa amekikalia. Kiti kiliwekwa pembeni. Alilala kifudifudi sehemu kubwa ya mchana, mito ikiwa chini ya kifua na chini ya miguu ili vidole visiguse godoro, na usiku akageuzwa kila baada ya saa mbili. Kidonda kilisafishwa na kufungwa zahanati, naye akaongezewa mayai, maharage na dagaa kwa sababu nyama mpya haijengwi kwa ndizi na uji peke yake. Kilichukua wiki tisa kufunga. Familia nyingi huvunjika moyo wiki ya tatu, humkalisha tena kwa kumhurumia, na kazi huanza upya.

Wakati amelala ndipo kiti sahihi kilipoagizwa. Utaratibu wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2008 unahesabu utoaji wa kiti mwendo kuwa hatua nane: rufaa na miadi, upimaji, kuandika kiti kinachofaa, fedha na kuagiza, kukiandaa, kumkalisha na kurekebisha, kumfundisha mtumiaji, kisha matengenezo na ufuatiliaji. Kiti cha msaada kilikuwa kimekabidhiwa tu, bila kupita hatua hizo.

Vipimo vinavyohitajika si vingi, na familia inaweza kuviangalia ikiwa na futi ya fundi cherehani. Upana wa sehemu ya kukalia ulingane na upana wa nyonga. Urefu wa paja hupimwa kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha hupunguzwa sentimita 3 hadi 6. Paja lake lilikuwa 48, kwa hiyo kina cha kiti kiwe kati ya 42 na 45. Kikizidi, ukingo unabana nyuma ya goti na mtu anateleza mbele. Kikipungua, uzito wote unarudi kwenye makalio. Kikanyagio kiwekwe kwa urefu wa mguu kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, kupima kutoka juu ya mto, ili paja lote lilale juu ya mto. Na kwa mtu ambaye mikono na kifua vina nguvu kama huyu, mgongo wa kiti uishie chini ya mbavu. Mgongo mrefu unamzuia kusukuma magurudumu kwa nguvu ya mabega.

Mto ndio ulioleta mjadala mrefu kuliko kiti. Sponji la kawaida la godoro huonekana laini, lakini baada ya muda mfupi linabonyea hadi chini. Mto mzuri una tabaka gumu chini lililochongwa ili mifupa ya makalio ikae kwenye shimo, na tabaka laini juu. Kuna jaribio la mkono linalofundishwa kwa watoa huduma: mtu akiwa amekaa, ingiza vidole chini ya mfupa wa kalio, kiganja kikiangalia juu. Ukiweza kuvichezesha juu na chini angalau nusu sentimita, mgandamizo ni salama. Ukishindwa kuvichezesha lakini ukaweza kuvichomoa, ni onyo. Vikibanwa, mto huo hautumiki. Mama mtu alifundishwa jaribio hili, na amekuwa akilifanya vizuri kuliko wengi.

Ardhi ya Kibosho ina miteremko, mifereji na udongo unaonata wakati wa masika. Gurudumu dogo la mbele la kiti cha hospitali huzama humo na kiti hupinduka mbele. Kilichochaguliwa ni kiti cha magurudumu matatu, gurudumu la mbele likiwa moja na mbali na miguu: hakipinduki mbele kirahisi kwenye mteremko, na tairi zake za upepo hutengenezwa kwa fundi baiskeli yeyote. Hasara yake ni urefu. Ndani ya chumba kidogo hakigeuki. Hapo familia ililazimika kuamua, ikaondoa kabati la vyombo na kuhamishia kitanda ukutani. Kiti kinachopita sebuleni lakini hakifiki barabarani kingemfunga nyumbani, kwa hiyo tunaona uamuzi ulikuwa sahihi.

Siku ya kukabidhiwa alifundishwa kuinama mbele, kifua juu ya mapaja, kila baada ya nusu saa kwa dakika mbili, ili damu irudi kwenye makalio. Alipewa pia kioo kidogo cha kukagua ngozi asubuhi na jioni. Doa ambalo halipauki likibonyezwa kwa kidole ni amri ya kutokaa mpaka lipotee.

Mkojo na choo

Mpira unaokaa ndani ya kibofu moja kwa moja ni njia ya haraka wodini, na aina ya kawaida hubadilishwa kila baada ya wiki nne hivi. Wake ulikuwa na wiki nane, umeziba nusu kwa chumvi, na homa ilikuwa imeanza. Kwa mtu mwenye mikono mizima, kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mwembamba kila baada ya saa nne hadi sita kunalinda figo zaidi, mradi anawe mikono kwa sabuni, anywe maji lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, na kibofu kisizidi mililita 500 kila mara. Alijifunza kwa muuguzi, lakini aliyemfanya aamini kuwa inawezekana ni mwanachama wa KASI mwenye jeraha kama lake. Huyo ndiye aliyethubutu pia kumwambia habari za ndoa na tendo la ndoa, jambo ambalo wataalamu wengi hulikwepa na ambalo mke alikuwa akilia nalo peke yake.

Choo cha shimo kilikuwa cha kuchuchumaa. Familia ilikata tundu kwenye kiti cha plastiki. Kingo zake kali zinaweza kuchana ngozi isiyohisi, kwa hiyo zilifunikwa sponji na ngozi bandia inayofutika. Baadaye walijenga kikao cha tofali chenye urefu wa sentimita 47, mlango unaofunguka nje wenye upana wa 90, na bomba la kushikilia ukutani. Kizingiti cha mlango wa nyumba kilikuwa na kimo cha sentimita 30. Kanuni ya mteremko ni moja kwa kumi na mbili, maana yake njia ya mita 3.6. Fundi alitaka kujenga mita mbili ili kuokoa saruji. Kwa mteremko huo mtu hapandi bila kusukumwa, na akishuka peke yake anaweza kupinduka. Zilijengwa mita zote.

Halmashauri ipi?

Hapa palipotea mwezi mzima. Ofisi ya ustawi wa jamii ya Manispaa ilisema mgonjwa sasa anaishi Kibosho, aende Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Ya wilaya ikasema kumbukumbu zake ziko Manispaa. Kila upande ulikuwa sahihi kwa upande wake. Njia ya kutoka ni kujiuliza: mgonjwa atalala wapi mwaka ujao? Jibu likiwa Kibosho, anza chini: mwenyekiti wa kitongoji, kisha mtendaji wa kijiji kwa barua ya ukazi, kisha mtendaji wa kata, kisha ofisa ustawi wa jamii wa wilaya. Barua ya ukazi itaje tarehe aliyohamia na sababu. Kijijini aombe pia kuandikishwa kupitia kamati ya watu wenye ulemavu, ambayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inaitambua kuanzia ngazi hiyo.

Kuhusu TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, familia iliwekeza matumaini mengi mno. Kaya haziingizwi kwenye mpango siku mtu anapokwenda kuomba. Hutambuliwa kwa vipindi, kupitia mkutano wa kijiji na uhakiki. Inafaa jina lake lijulikane kijijini, lakini mipango ya chakula cha mwezi ujao isijengwe juu yake.

Mkopo wa halmashauri ni jambo jingine. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu, na hauna riba. Ulisitishwa Aprili 2023, ukarejeshwa mwaka 2024. Unapitia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata, na unadai maelezo ya biashara, akaunti ya benki na usajili. Lakini ni deni. Kijana alitaka kuomba mwezi wa saba tangu ajali, akiwa bado na kidonda, kwa ajili ya kufuga kuku. Alishauriwa asubiri. Mtu anayelala kifudifudi hawezi kufuatilia chanjo ya kuku, na kuku wakifa marejesho hayafi. Yapo pia mafunzo: VETA Moshi, na kituo cha utengamao na mafunzo cha Kilutheri cha Usa River, Arusha, kinachopokea vijana wenye ulemavu. Na kwa atakayetafuta ajira, sheria hiyo ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Kutaja kifungu hicho kwenye barua ya maombi ni halali na kunasaidia.

Hali ilivyo mwezi wa kumi tangu ajali

Kidonda kimefunga na ngozi mpya bado ni nyembamba, kwa hiyo anakaa saa mbili, analala saa moja, na muda unaongezwa kwa nusu saa kila wiki ikiwa ngozi haibadiliki rangi. Taarifa ya WCF imepokelewa ndani ya muda, na mfuko umeomba tathmini ya daktari ya kiwango cha ulemavu wa kudumu, miadi imepangwa. Mke anapanda Kibosho kila Jumapili, na wanajadiliana kama wahamie chumba cha chini karibu na lami mjini. Wakihama, barua ya ukazi itabidi ianze tena Manispaa, na hilo lifanyike kabla ya kuomba mkopo, kwa sababu maombi yaliyofunguliwa wilayani hayahamishiki naye. Kiti cha zamani cha sentimita 46 kimerudishwa hospitalini kikabebe wagonjwa wa wodini, na kiti kipya kina miadi ya ukaguzi mwezi wa sita tangu kukabidhiwa: tairi, breki, skrubu za kikanyagio na unene wa mto uliobaki.